Mkungu Ukianguka: Namna ya Kurudisha Mti Mkubwa Kwenye Mtaa wa Kale

Mkungu wa mbele ya baraza letu ulianguka usiku, katikati ya masika, ukaziba uchochoro siku mbili. Haukuumiza mtu, alhamdulillahi, ila ulivunja pembe ya paa la jirani na kukata waya wa umeme. Siku za mwanzo mazungumzo yalikuwa ya paa na waya tu. Wiki ya pili ndipo tulipojua kilichotutoka. Ikifika saa nne asubuhi baraza haikaliki, wacheza bao wamehamia upande wa skuli, na bibi aliyekuwa akiuza urojo chini ya mti amerudi ndani na sufuria zake.

Mwezi uliofuata tukapanda miche 12 kwa siku moja, kwa mbwembwe, na picha zikapigwa. Kaskazi, yale majira ya joto na ukame, ilipopita ulikuwa umebaki mche mmoja.

Ninayoandika hapa ni yale tuliyojifunza kwa huo mmoja na kwa wale 11 waliokufa. Nimeutazama Mji Mkongwe wa Unguja na mitaa inayopakana nao, lakini mtu wa Lamu, wa Mji wa Kale Mombasa, wa Bagamoyo au Pangani hatapata tabu kuyatumia. Nyumba ni za namna moja, ardhi ni ile ile ya matumbawe na kifusi cha chokaa, na upepo una chumvi ile ile.

Usikimbilie shoka

Mti ukilala chini kila mtu anataka njia ifunguke. Sawa, kateni matawi watu wapite, lakini shina na mizizi viacheni kwanza mvitazame, maana hapo ndipo penye jibu la kwa nini umeanguka. Usipolijua jibu hilo, mche mpya utakufa kwa ugonjwa ule ule uliomuua babu yake.

Tazama mizizi iliyong'oka. Ikiwa imeoza, inavunjika kama mkate uliolala, au kwenye kitako cha shina kuna uyoga mgumu uliojitokeza kama rafu ndogo, basi kuvu wamo ardhini. Usipande shimo lile lile. Sogea hatua nne tano, na usiweke mti wa aina ile ile. Ukikuta mchwa, jua kwamba mara nyingi wamekuja baadaye kula kilichokwisha kufa, kwa hiyo endelea kutafuta. Ikiwa saruji ilimwagwa mpaka shingoni mwa mti, maji na hewa vilikuwa havishuki, na ulikuwa ukifa polepole miaka yote mliyokuwa mkiusifu.

Wetu haukuwa na lolote kati ya hayo. Upande mmoja mizizi ilikuwa minene kama paja la mtu, imeng'oka na udongo wake. Upande wa pili, ule wa ukutani, hapakuwa na mzizi hata mmoja wa maana. Kulikuwa na vichwa vya mizizi vilivyokatwa sawasawa, vyeusi, vimekauka zamani. Mzee mmoja akainama, akavipapasa, akasema, "Huu haukuangushwa na upepo, mwanangu. Huu ulikatwa miguu mwaka ule wa mtaro wa bomba." Ikawa kweli. Mtaro ulipita kama shubiri mbili kutoka shinani, na mti ukasimama kwa mguu mmoja miaka kadhaa mpaka ulipopata mvua nyingi na upepo kwa pamoja.

Kama jibu lenu ni hilo, basi kazi ya kwanza ni kujua mabomba yamepita wapi na nani atachimba tena. Mche ni wa baadaye.

Shina lenyewe msilichome moto. Mwembe mnene una wateja wake, maana mitumbwi mingi ya Unguja huchongwa kwa mwembe. Mfenesi hutakiwa na maseremala. Pesa itakayopatikana iwekeni kwa mtu mwaminifu, ndiyo itakayonunua maji ya miaka mitatu.

Uliza mtaa unaitwaje

Hatua hii watu huiruka kwa kuiona ya hadithi. Mimi naiona ni ya kilimo kabisa. Hesabu majina ya mitaa ya mji wetu: Mkunazini, Mtendeni, Miembeni, Mwembetanga, Mwembeladu, Mikunguni, Michenzani, Kikwajuni, Mnazi Mmoja. Kila jina ni mti. Waliotoa majina hayo hawakuwa wakifanya ushairi. Walikuwa wakielekezana njia kwa kitu kilichoonekana kwa mbali na kudumu kuliko mwenye nyumba. Jina likiwa Mkunazini, maana yake mkunazi ulikubali ardhi ile, ukavumilia chumvi na ukame wake bila mtu wa kuumwagilia. Hiyo ni taarifa ya udongo iliyohifadhiwa mdomoni.

Kwa hiyo nendeni kwa wazee na daftari. Msiwaulize "zamani palikuwaje?", mtapewa siasa. Waulizeni mlikuwa mkikaa wapi jua la alasiri, watoto walikuwa wakipopoa nini, popo walikuwa wakilala wapi, mti gani uliachwa ukafa kwa sababu ya ugomvi. Sisi tulimwendea bibi mmoja wa nyumba ya pembeni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mmekuja kwa habari ya mkungu?"

Alikuwa amekwisha jua. Akatwambia kwamba kabla ya mkungu palikuwa na mkwaju, na kwamba mkungu ulipandwa na mtu mmoja tu, kwa kokwa alizookota, na mwaka wa kwanza alikuwa akiumwagia maji ya kuoshea mchele. Pia akatuonya tusipande mzambarau karibu na njia ya kwenda msikitini, kwa sababu zambarau zikiiva zinachafua kanzu. Huyu bibi hajasomea mipango miji. Lakini onyo lake ndilo lililotuokoa na ugomvi wa kila mwaka.

Mkimaliza, chora ramani ya mkono: kila mti uliopo, kila uliokufa, kila shina linaloinama. Mtaona pengo lenye haja kubwa si lazima liwe pale ulipoanguka wa mwisho.

Okota mbegu mti ungali hai

Mti mkongwe uliovumilia miaka 80 mtaani umeshafaulu mtihani ambao mche wa kununua bado haujaufanya. Chukua uzao wake. Usingoje uanguke, ukiona unaanza kukauka kileleni, anza msimu huo huo.

Mkungu ni mwepesi: okota matunda yaliyokomaa chini, yaanike kidogo, yafukie nusu kwenye kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kitaluni, chenye mchanga na mboji. Kokwa la embe halingoji. Likikaa wiki kadhaa juani limekufa, kwa hiyo lipande likiwa bichi, na likitoa machipukizi zaidi ya moja furahi, maana mengi ya hayo hufuata mama yake kwa tunda. Mbegu za mkwaju zilaze kwenye maji usiku mmoja. Za mbuyu zina ganda gumu, zimwagie maji ya moto kisha ziache zipoe humo humo. Kokwa la mkunazi ligonge taratibu mpaka lipasuke, utoe kiini bila kukiponda. Hapa watoto wana mikono mizuri kuliko sisi.

Mtini unashika kwa tawi nene lililochomekwa ardhini, lakini mtini tutauzungumzia peke yake.

Pandeni mara tatu ya mnayohitaji. Kitalu kinaweza kuwa uani kwa mtu yeyote mwenye kisima cha maji matamu na asiyefuga mbuzi.

Ruhusa

Fupi, kwa sababu inachosha lakini haikwepeki. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na maeneo yake ya wazi yana wenyewe. Anzeni kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, apige muhuri kwenye barua. Kisha Mamlaka ya Mji Mkongwe, kisha Manispaa kama ni ukingo wa barabara. Kukata mti wa hatari ni suala la idara ya misitu, chini ya sheria Namba 10 ya 1996. Ambatanisheni ile ramani ya mkono na picha ya pengo. Na waulizeni watu wa maji na wa umeme, kwa maandishi, laini zao zimepita wapi. Jibu likichelewa, tafuteni fundi bomba wa mtaa aliyezeeka kazini. Anajua zaidi ya makaratasi.

Kuchagua mti

Hapa ndipo mitaa mingi hukosea, na kosa lake huonekana baada ya miaka 20, wakati aliyelifanya hayupo.

Kosa la kwanza ni kuuliza "mti gani unakua haraka?" Mti unaokua haraka mara nyingi una matawi mepesi yanayokatika na mizizi yenye pupa. Swali ni: mti ulioondoka ulikuwa na kazi gani? Wetu ulikuwa na kazi tatu: kivuli cha saa nne mpaka saa kumi, kuzuia vumbi la barabarani, na kuwapa watoto kungu. Mkungu hupanga matawi yake ghorofa kwa ghorofa, bapa, kama miavuli iliyopandana, ndiyo maana kivuli chake hutosha baraza nzima. Tulipozitaja kazi hizo, mkungu ukarudi wenyewe kwenye orodha. Kama kazi ingekuwa kuficha ukuta mbaya au kupooza ua mdogo, kupanda mkungu kungekuwa wazimu.

Kosa la pili ni kupanda mtini karibu na nyumba kwa sababu ya uzuri wa ule mkubwa wa Mizingani, ufukweni mwa Mji Mkongwe. Ule unasimuliwa kuwa ulipandwa na Sayyid Khalifa bin Haroub, sultani wa Zanzibar, mwaka 1911, na ni kweli unatia moyo kuutazama. Lakini una uwanja mbele yake na bahari ng'ambo. Mtini ukiwa hatua kumi kutoka kwenye nyumba ya mawe na chokaa ni mgeni anayehamia ndani. Hata usipoupanda, ndege watakuletea: wanakula tini, wanakunya juu ya ukuta, na mbegu inaota kwenye ufa. Kila baada ya masika zungukeni mtazame kuta na mapaa. Mche wa kidole kimoja unang'oka kwa mkono. Ukishanenepa usiuvute, utatoka na jiwe. Ukate, uue kisiki chake, kisha fundi azibe ufa kwa chokaa. Asizibe kwa saruji, kwani saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa matumbawe. Nimesema nje ya mada kidogo, lakini nimeona nyumba zaidi ya moja zilizopasuliwa na mti ambao hakuna aliyeupanda.

Kosa la tatu ni mstari mmoja wa aina moja, wa umri mmoja. Ukipita Bungi, kwenye njia ya kusini, utaiona miembe ya Bi Khole, safu mbili zilizopandwa katika karne ya 19 kwa amri yake, binti wa Sultani Sayyid Said. Ni moja ya njia nzuri kabisa kisiwani. Ni somo pia: iliyozaliwa pamoja inazeeka pamoja, na mapengo yanafuatana kama meno ya mzee. Historia ya karafuu inasema vivyo hivyo kwa sauti kubwa zaidi. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu na minazi ya Unguja kwa wingi, Pemba ikanusurika, na toka hapo Pemba ndiyo iliyokuwa mbele kwa karafuu. Je, kama mayai yote yangekuwa kwenye kapu la Unguja?

Sisi tulikubaliana hivi: mti mmoja mkubwa mahali pa mkubwa, halafu aina tofauti kila pengo, na tusipande zaidi ya miwili kwa mwaka. Watu walinung'unika kuwa ni michache. Niliwakumbusha wale 12.

Kwa vipimo, haya ndiyo tunayofuata. Mkungu, mwembe, mkwaju na mzambarau vikae mita sita hadi nane kutoka ukutani. Mkwaju una subira ya ukame na upepo kuliko wote hao, ila unakwenda polepole. Anayeupanda anampandia mjukuu. Mkunazi unatosha na mita nne, unavumilia chumvi, lakini una miba, usiuweke mahali pa kupita wenye buibui na baiskeli. Mwarubaini unashika popote hata kwenye kifusi, na ndiyo sababu umejaa kila mahali. Msiongeze kama tayari mnayo mitatu. Mshelisheli unataka udongo wa kina na maji, ni mti wa mashamba zaidi kuliko wa uchochoroni. Mvinje uachieni ufukwe. Kwenye ua wa ndani, mahali ambapo hata gari ya ng'ombe haifiki, pandeni mkomamanga, mndimu, au mlangilangi mkiuweka mfupi kwa kuupogoa. Harufu yake magharibi inafika ghorofa ya pili.

Na mbuyu? Mbuyu pandeni kama mna uwanja wa umma. Usimpandie mtu mbele ya mlango wake, watu wana itikadi zao na mimi sitaki kesi.

Jambo jingine: mkubwa ukirudi, kunguru watarudi. Hawa wa shingo ya kijivu si wenyeji, waliletwa Unguja katika miaka ya 1890, na wanapenda mti mrefu karibu na majaa. Dawa ni kuondoa jaa. Mti hauna kosa.

Shimo

Shimo ndilo lililoua miche yetu 11. Tulichimba mashimo membamba kama ya nguzo, marefu kwenda chini, tukajaza samadi mbichi, tukaona tumefanya hisani.

Ukichimba mtaa wa kale hupati udongo. Utapata vigae, mifupa ya samaki, vipande vya chokaa, mchanga mweusi, kisha jiwe. Chokaa hiyo hufanya ardhi kuwa kali kwa miche: majani yanageuka manjano huku mishipa ya jani ikibaki kijani, na watu hudhani ni kiu, wanazidisha maji. Kwa hiyo shimo liwe pana: upana mara tatu ya kiriba, kina sawa na kiriba tu. Mizizi ya kulisha mti hutambaa karibu na uso wa ardhi, haiendi kisimani. Kwetu kiriba kilikuwa sentimita 30, shimo likawa karibu mita moja kwa mita moja, kina cha shubiri moja na nusu.

Toeni kifusi chote cha chokaa kinachoonekana, mkipeleke mbali. Mkifika kwenye jiwe, mtaimbo uingie katika nyufa zake, muivunje sakafu ya shimo sehemu tatu nne ili maji yateremke. Kisha fanyeni jaribio ambalo hakuna anayelifanya: mimina ndoo mbili za maji shimoni, uende ukanywe chai. Ukirudi baada ya saa moja na maji bado yamesimama, hapo mmechimba beseni; vunjeni zaidi au hameni. Shimo letu la kwanza lilishika maji mpaka asubuhi, na chini yake tulikuta sakafu ya zamani ya chokaa iliyopigwa, safi kama meza. Tulisogea mita mbili.

Kuta za shimo zikwaruzwe kwa sururu, zisiwe laini. Ukuta laini huizungusha mizizi kama kamba kwenye gurudumu.

Udongo wa kurudisha: sehemu tatu ya udongo mwekundu wa shamba, ulioletwa kwa gari, sehemu moja ya mboji au samadi iliyoiva kiasi kwamba hainuki. Samadi mbichi huunguza. Udongo uliotoka shimoni, ukishauchekecha, changanya nao kidogo ili mche ujue mapema unaishi wapi.

Kama pengo liko kati ya mawe ya njia, acheni duara wazi la angalau mita moja na nusu kuzunguka mche, lisisakafiwe. Mtu akitaka kulipendezesha aweke mawe yaliyopangwa bila saruji. Na upande wa bomba, kabla ya kujaza, simamisheni bati nzito au mawe bapa kama ukuta mfupi chini ya ardhi. Mzizi hautafuti bomba zima, unafuata unyevu wa bomba linalovuja. Bomba likitengenezwa vizuri, nusu ya ugomvi imekwisha.

Kupanda

Pandeni masika yanapoanza, mvua ya tatu au ya nne, udongo ukiwa umelowa shubiri nzima. Vuli inashawishi, lakini mvua zake ni fupi, na nyuma yake inakuja kaskazi ya Januari na Februari ikiukuta mche haujashika.

Mche wa mita moja unafaa kuliko wa mita tatu. Watu hupenda mkubwa kwa sababu unaonekana kwenye picha. Mdogo huupita mkubwa ndani ya miaka michache kwa kuwa haukukatwa mizizi. Kwenye kitalu, geuza kiriba utazame chini. Mzizi uliotoka nje na kujizungusha ni mche uliokaa sana. Jioni, loweka kiriba, kichane kwa wembe, kitoe chote. Nimewahi kufukua mche uliokufa na plastiki yake mwilini. Mizizi inayozunguka ikate.

Shingo ya mche, pale shina linapogeuka mzizi, ikae sawa na uso wa ardhi au juu kidogo. Ikifukiwa, inaoza. Jaza, kanyaga kwa kisigino taratibu, fanya kisahani cha udongo kuzunguka, mwagia debe moja. Vigingi viwili vikae nje ya mizizi, upande wa upepo na wa pili yake, na ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli uushike mche chini ya nusu ya kimo chake, kwa ulegevu. Mche usipoyumba kabisa hautanenepa.

Matandazo: makumbi ya nazi. Yapo bure, yanashika maji, hayapeperuki. Yatandaze unene wa vidole vinne na yaache mbali na shina upana wa kiganja.

Kizimba ni lazima, kwa ajili ya mbuzi, mipira na pikipiki zinazogeuza. Kifanyeni cha miti ya boriti kilichofungwa kwa kamba, kiwe cha kufunguka. Cha chuma huibiwa.

Kaskazi tatu

Mti wa mjini haufi siku ya kupandwa, unakufa Februari. Kwa hiyo swali la kuuliza mkutanoni ni nani atakuwa akimwagia Februari, ya mwaka huu, ya mwakani na ya mwaka wa tatu. Kama hakuna jina la mtu, msipande.

Sisi tuligawa kwa milango. Nyumba nne, kila moja na wiki yake, na zamu imeandikwa kwa chaki ndani ya mlango wa duka. Mwezi wa kwanza, mvua isiponyesha, nusu debe kila siku ya pili. Baadaye debe zima mara mbili kwa wiki, limwagwe polepole mpaka kisahani kijae mara mbili. Kikombe kila jioni hakifai, kinafundisha mizizi kukaa juu. Mwaka wa pili debe moja kwa wiki katika kiangazi, wa tatu ni kwenye ukame mkali tu. Chomeka kidole chini ya makumbi kabla ya kumwaga. Pakiwa na unyevu, acha.

Maji ya visima vingi vya mjini yana chumvi. Yaonje. Ukiyaona ya chumvi mdomoni, mche nao utayaona hivyo, na ncha za majani zitaungua. Tuliomba msikitini, na bomba la maji ya udhu, ambayo hayana sabuni, likageuzwa kuelekea kwenye kisahani kwa mfereji mdogo wa mawe. Siku nyingi mche umekunywa bila mtu kubeba ndoo. Maji ya kufulia hapana.

Majani yakidondoka ghafla msihamaki kama ni mkungu. Huwa unageuza majani yake mekundu na kuyaangusha, ndiyo tabia yake, kisha unachipua. Kwaruza ganda kwa ukucha: kijani chini yake ni uhai.

Kupogoa, na majirani

Miaka miwili ya mwanzo ondoa tu kilichokauka na shina la pili linaloshindana na la kwanza. Kuanzia wa tatu, inua kivuli polepole, ukiondoa tawi moja la chini kwa mwaka mpaka mtu mrefu na mzigo kichwani apite. Kata nje kidogo ya kile kijiduara cha ngozi tawi linapoungana na shina. Usiache kisiki na usipake rangi. Wanaokuja kunyoa miti chini ya nyaya hukata kichwa chote, na machipukizi yanayotoka hapo ni dhaifu. Njia ya kukwepa hilo ilikuwa kwenye shimo: kama waya uko juu, hapo hapakuwa mahali pa mkungu.

Mkiona mtaro unachimbwa, mtu mmoja atoke nje. Asitoke kugombana, atoke na chai. Mwombe fundi apite mbali na shina, angalau mita tatu kwa mti mkubwa, au apenyeze bomba chini ya mizizi kwa mkono. Mara mbili tumeombana hivyo na mara zote mbili tumekubaliwa.

Mche mmoja wetu uliosalia unaingia mwaka wa tano. Masika yaliyopita tulikata mpira wa tyubu uliokuwa umeanza kuzama kwenye ganda, tukang'oa vigingi, tukafungua kizimba. Kizimba hicho sasa kimezungushiwa mkunazi mdogo uliopandwa kwenye pengo la pili, na zamu ya wiki hii kwenye mlango wa duka ni ya nyumba yetu.